Kaburi la Neno "Walk"

Nyinyi mlioingia darasani mwaka huu, ambao chaki bado haijawakausha vidole, nina jambo la kuwaambia kabla hamjabandika chochote ukutani. Mimi nimestaafu. Niko Giakanja na ng'ombe wawili na mashina machache ya kahawa, na hakuna kengele inayonihusu tena. Hata hivyo nikipita duka la vitabu pale Nyeri mjini nikaona kalamu nyekundu zimepangwa kwenye kopo, huvuka barabara. Mke wangu huniuliza kama nina deni pale dukani. Si deni.

Nilifundisha Kiingereza katika shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini, na mingi kati ya hiyo nilikuwa na watoto waliokuwa wakijiandaa kwa ule mtihani wa darasa la nane ambao nyinyi mmekuta umeshaondolewa. Nilijulikana. Kuna wazazi waliohamisha watoto wao ili wapitie mikononi mwangu, kwa sababu watoto wangu waliandika insha zenye msamiati. "Watoto wa huyo mwalimu wako na maneno," watu walisema, na mimi nilisikia nikajifanya sijasikia. Nilijivuna, sitawaficha. Kila nikisimama kwenye siku ya wazazi nilikuwa najua ni makofi ya nani yanayokuja.

Sasa chukueni neno "walk". Mtoto wa darasa la kwanza analijua. Lakini fungua kamusi uone kazi linazofanya. Ni kutembea, na ni matembezi yenyewe. Ni kumtembeza mbwa, jambo tulilokuwa tukiona kwenye televisheni tu, maana mbwa wa Giakanja hujitembeza. Ni kumsindikiza mgeni mpaka barabarani. Ni mshtakiwa kuachiliwa na korti akaenda zake huru. Wafanyakazi wakisusa kazi na kutoka nje, ni hilohilo. Halafu kuna maneno yanayokaa karibu nalo: "stroll", mtu anatembea kwa raha kama hana shamba la kulima, "trudge", anajikokota kwenye tope, "limp", anachechemea, "tiptoe", ananyata, "stagger", anapepesuka, kama aliyelewa au aliyepigwa. Yote ni kutembea, na hakuna lolote lililo sawa na mwenzake. Haya nilikuwa nayajua. Nawaambia mapema ili msije mkadhani kosa langu lilitokana na kutojua.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Ngunjiri, katika shule yangu ya kwanza, huko Othaya kwenye majani chai. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti la kaki lenye mifuko minne, na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Vitenzi hakuvifundishia ndani. Aliwatoa watoto wote nje, akapanda juu ya kisiki, akapiga kelele, "Limp!" Watoto arobaini wakachechemea. "Tiptoe!" Wakanyata. "Stagger!" Hapo sasa ilikuwa sherehe, wote wanapepesuka, wanagongana, wengine wanajiangusha makusudi kwenye nyasi. Siku moja mama mmoja aliyekuwa anapeleka majani chai alisimama kwenye ua, akatutazama, akatua kikapu chake chini akaanza kuomba kwa sauti. Alidhani shule imeingiliwa na mapepo.

"Mama, enda tu," Mwalimu Ngunjiri akamwambia. "Hawa wako sawa. Ni Kiingereza wanasoma."

Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka. Nilimuuliza kwa nini asiandike orodha ubaoni watoto wakanakili, tukamaliza kwa dakika tano. Alinijibu, "Wewe kijana, mtoto anafaa kuangalia mguu kwanza, ndiyo atafute neno. Ukimpatia neno kwanza, atachukua mguu wa mtu yeyote aubandike." Nilicheka kimoyomoyo. Nilidhani ni mzee mwenye nafasi nyingi na darasa dogo.

Nilipohamishiwa shule iliyo karibu na mji, si mbali na Ruring'u, nilikuta watoto sitini na watatu katika chumba kimoja. Ukiwatoa hao nje wakachechemee, utawarudisha saa ngapi? Na mtihani ulikuwa unatungoja. Katika semina tuliambiana kwamba wasahihishaji wanachoshwa na mtoto anayerudia neno moja ukurasa mzima. Basi nikachukua nusu ya somo la Mwalimu Ngunjiri. Maneno nikayabeba, miguu nikaiacha Othaya.

Hapo ndipo nilipobuni makaburi. Nilichana katoni ya mafuta ya kupikia, nikaibandika ukuta wa nyuma, nikachora makaburi yenye misalaba. Kila kaburi lilikuwa na marehemu wake: "nice", "good", "big", "said", na "walk". Tulifanya mazishi kabisa. Kiranja alisoma historia ya marehemu, tukaimba ubeti mmoja, na msichana mmoja akajifuta machozi kwa kola ya sweta mpaka darasa likavunjika mbavu. Kuanzia siku hiyo, atakayelifukua neno lililozikwa angeokota takataka uwanjani jioni. Chini ya kila kaburi niliorodhesha maneno ya kutumia badala yake.

Watoto walipenda sana, na alama zikapanda. Ni kweli kulikuwa na vichekesho. Mmoja aliandika kwamba nyanya yake "alistroli" kwenda choo akiwa na furaha tele. Mwingine aliandika kwamba padri alinyata hadi madhabahuni. Nilicheka peke yangu ofisini, nikasoma kwa sauti walimu wenzangu wakacheka, na nikatoa alama. Msamiati ulikuwepo, si ndiyo? Sikujiuliza kama huyo nyanya alikuwa anaumwa na tumbo.

Mpishi wetu aliitwa Wafula. Alitoka upande wa Bungoma akiwa kijana, akapata kazi huku, akaoa, akakaa Ruring'u, na wakati ninaousimulia alikuwa amepika shuleni kwetu kwa miaka kumi na miwili. Alikuwa mtu wa kanisa. Pombe alikuwa hagusi hata ile inayozungushwa kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ambapo ukikataa wazee hukutazama vibaya. Kila mwalimu, hata wa mazoezi aliyefika jana, Wafula alimwita "Mwalimu" na kumchotea chai kwanza.

Ilikuwa Julai, siku ya Jumatano, ile baridi yetu ya ukungu inayokaa chini mpaka saa saba. Saruji ilikuwa imelowa. Wafula alitoka jikoni na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe ya watoto, akielekea varanda ambapo watoto walipakuliwa. Ngazi ya hiyo varanda ilikuwa imemegeka ukingo tangu mwanzo wa mwaka, na sisi wenyewe tulikuwa tumeliandika jambo hilo mara mbili katika kitabu cha mwalimu wa zamu. Alipokanyaga hapo, mguu ukateleza. Sufuria ikainama, na mchuzi wa moto ukamwagikia mguu wa msichana wa darasa la tatu aliyekuwa kwenye foleni.

Mimi sikuona. Nilikuwa darasani. Nilichosikia ni kile kilio, na sitakielezea. Mtoto alikimbizwa hospitali kwa gari la mwalimu mmoja. Baada ya wiki mbili alirudi na bendeji, na baadaye akapona vizuri, namshukuru Mungu, lakini siku ile hatukuwa tunajua kama atapona.

Kufika saa tisa, habari ilikuwa imefika getini kwamba mpishi alikuwa amelewa. Mnajua vile kwetu kumeharibiwa na hii pombe. Mtu akianguka barabarani, watu huuliza amekunywa wapi kabla hawajauliza kama ameumia. Na Wafula hakuwa na ndugu hapo karibu wa kumsemea.

Hedimistresi wetu, Madam Wairimu, alifanya jambo la haki. Watoto watatu wa darasa langu walikuwa kwenye mfereji wakinawa mikono wakati Wafula alipotoka jikoni. Aliwaweka katika chumba kisicho na watu, kila mmoja na dawati lake, akawaambia waandike walichoona. Waliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa faili ya bodi ya shule ilikuwa ya Kiingereza. Alhamisi alasiri aliniletea zile karatasi katika ofisi ya walimu.

"Mwalimu, hebu niangalilie kama wameandika majina na tarehe," akasema. "Nataka kuzipeleka kwa bodi."

Nilikuwa na rundo la madaftari mezani, kikombe cha chai mkono wa kushoto, na kalamu nyekundu mkono wa kulia. Mkono wa kulia ndio ulionimaliza. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Wangechi, msichana mpole aliyekaa karibu na dirisha, ambaye nilimtegemea kwa insha. Alikuwa ameandika kwamba mpishi "staggered" kutoka jikoni akiwa na sufuria "huge". Nikatia tick, ile alama ya sahihi, kwenye "staggered". Nikatia tick kwenye "huge", kwa sababu hakuandika "big". Wa pili aliandika "tottered", yaani alitetereka. Tick. Wa tatu aliandika "lurched", alipepa kama anayetaka kuanguka. Nikatia tick mbili, maana hilo lilikuwa gumu. Pembeni mwa karatasi ya Wangechi nikaandika "Good!", neno ambalo mimi mwenyewe nililizika. Majina yalikuwepo, tarehe ilikuwepo. Nikazirudisha.

Hamuamini? Mtaamini mkifundisha miaka ishirini. Mkono wa mwalimu husahihisha hata kadi ya mwaliko wa harusi. Nimewahi kumwona mwenzangu akipiga mstari chini ya kosa kwenye kitabu cha nyimbo akiwa ibadani. Lakini zile hazikuwa insha. Zilikuwa ushahidi, na mimi nilizitia tick.

Ijumaa jioni nilimkuta Wafula getini amebeba gambuti zake za mpira ndani ya mfuko wa karatasi. Alikuwa amepewa barua akae nyumbani mpaka bodi ikutane Jumanne. Nilimpa pole.

"Mwalimu, mimi Madam amenionyesha ile karatasi, akanisomea," akasema. "Mtoto ameandika ati nilikuwa napepesuka. Sawa. Mtoto ni mtoto, anaweza kosea. Lakini mbona wewe umeweka tick?"

"Nilikuwa naangalia Kiingereza tu, Wafula."

"Kwani wewe uliniona?"

"Sikukuona."

"Sasa uliweka tick ya nini?"

Nikamwambia tutaona Jumanne. Hilo ndilo neno la mwoga, "tutaona". Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, eti akanishukuru, akashika njia ya Ruring'u. Nilibaki nimeshika geti. Niliogopa, nawaambia ukweli, na kilichoniogopesha kwanza hakikuwa kazi ya Wafula. Niliogopa kwamba watu watajua.

Jumamosi nilibeba madaftari ya darasa zima nyumbani. Nililichukua la Wangechi, nikaanza kuhesabu. Katika insha ya harusi, bibi harusi alipepesuka kuingia kanisani. Katika insha ya mafuriko, chifu alipepesuka hadi kwenye mkutano akahutubia. Ng'ombe alipepesuka kwenda malishoni, mama alipepesuka kwenda sokoni na kurudi, na siku ya michezo mwanariadha wa kwanza alipepesuka kupokea kikombe. Katika muhula mzima hakukuwa na binadamu wala mnyama aliyenyooka. Na kila mahali, pembeni, tick yangu.

Mke wangu alikuja kunipa chai akaniona nimejishika kichwa. Nikamsomea. Alicheka mpaka kwa yule ng'ombe. Nilipomweleza habari ya Wafula aliacha kucheka.

"Sasa wewe si umefunza hawa watoto kudanganya na Kiingereza kizuri," akasema.

Nilikasirika. Nilimwambia hajui mambo ya shule. Kisha nilikaa na hayo maneno Jumapili yote, kanisani, kwenye chakula, nikikama ng'ombe, na sikuona pa kuyakosoa. Nilipiga hesabu ya hasara. Mtihani ulikuwa umebaki miezi mitatu. Bodi ileile ndiyo ilikuwa imenipa barua ya pongezi mwezi wa pili. Nikisimama kusema kwamba watoto wangu wanaandika wasichokiona, wazazi wataniambiaje? Miaka yote ile ya makofi itaitwaje? Na nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu. Ningeweza kunyamaza, nikaondoka na jina langu.

Jumatatu nilitaka kumwita Wangechi kando nimuulize alichoona hasa. Nilifika mpaka kwenye dawati lake. Nikageuka. Nilikuwa tayari nimeshamwekea maneno mdomoni mara moja. Nikimwita faraghani nitakuwa nayaweka ya pili, na hata yakiwa ya kweli hakuna atakayeyaamini. Siku nzima nilifundisha nikiwa nimegeukia ubao. Kila nilipowatazama niliona ile katoni nyuma yao.

Jumanne nilienda kwa bodi na madaftari sita kwapani. Sikuwa nimealikwa. Walikuwa wamekaa katika ofisi ya Madam Wairimu, watu saba na chupa ya chai, na Wafula kwenye kiti karibu na mlango, amevaa suti ya kanisani. Karatasi zile tatu zilikuwa mezani, nikiuona wino wangu mwekundu kutoka mlangoni. Mwenyekiti, ambaye alikuwa na duka la mbao na saruji, alikuwa anasema kwamba watoto watatu hawawezi kukosea pamoja, na tena mwalimu amezikubali.

"Mimi sikuzikubali," nikasema. Nikaweka madaftari mezani. "Nilizisahihisha."

Mwenyekiti akaniuliza tofauti ni nini. Nikawaeleza. Nikawasomea bibi harusi, chifu na ng'ombe. Mjumbe mmoja alicheka, akaona wengine hawacheki, akaacha. Nikawaambia kuhusu makaburi, na kwamba mtoto wangu akiandika "walk" anaokota takataka.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "wewe umekuja kutetea rafiki yako ama? Juu siku zote tunaambiwa hawa watoto wako ndio wanajua Kizungu kuliko wote hapa Tetu. Leo hawajui?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikimbia tangu Ijumaa. Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Ngunjiri juu ya kisiki chake. Nikasema, "Naomba aitwe Wangechi. Mimi sitamuuliza kitu. Madam amwambie atuonyeshe kwa miguu vile mpishi alitembea."

Wakashauriana kwa kunong'ona. Mama yake Wangechi alikuwa mmoja wa wazazi kwenye bodi, akakubali. Mtoto akaletwa. Madam Wairimu akamwambia taratibu, "Wangechi, usiogope. Hatutaki useme. Tuonyeshe tu vile mpishi alitoka jikoni."

Wangechi akatazama watu, akatazama miguu yake. Kisha akanyoosha mikono mbele kama aliyeshika sufuria, akainamisha kichwa pembeni kukwepa mvuke, akaanza kutembea. Alitoka kwenye kabati kuelekea mlangoni, polepole, wima, hatua kwa hatua, kama mtu anayejali alichobeba. Karibu na mlango akasita, akatanguliza mguu kupapasa mahali pa ngazi, mguu ukateleza mbele. Akajishika kwenye kiti cha Wafula. Wafula alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Kwani huku ndiko kustagger?" mwenyekiti akamuuliza.

"Ndiyo."

"Stagger ni nini?"

"Ni kutembea," Wangechi akasema. "Lakini ile ya maksi mingi."

Madam Wairimu akamvutia karatasi mpya na kalamu, akamwambia aandike tena, kwa sentensi moja, mpishi alitoka jikoni vipi. Wangechi akakaa. Akaandika "The cook", na kalamu ikasimama. Kisha akainua kichwa akanitafuta kwa macho, mimi, kati ya watu wote waliokuwa mle ndani.

"Tichaa, naweza andika 'walk'? Si tulizika?"

Nimepigwa na baba yangu, nimeshindwa mitihani, nimezika wazazi. Sijawahi kujisikia mdogo vile. Yule mtoto alijua ukweli siku zote. Alikuwa nao kwenye mfereji, alikuwa nao kwenye lile dawati la peke yake, na hakuuandika kwa sababu nilikuwa nimelipiga marufuku neno lake. Nilimwambia, "Andika." Akaandika.

Wale wawili wengine waliitwa mmoja mmoja, na kila mmoja alitembea hivyohivyo, wima. Kufika jioni mwenyekiti alikuwa ameagiza saruji ya ngazi kutoka dukani kwake, na Wafula akaambiwa arudi kazini Alhamisi. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilirudi mahali pake. Muhula ule wote kulikuwa na akina mama waliokuja jikoni kusalimia na kumnusa. Habari ya mtu kulewa hutoka getini kwa kukimbia, na habari ya mtu kutolewa hatia huwa haina miguu hiyo. Hilo nilimsababishia mimi, na niliomba msamaha, na akasema yameisha. Watu husema yameisha.

Katoni niliitoa siku ileile, nikaipeleka jikoni kuwashia moto. Nikarudi kutoa watoto nje, wote sitini na watatu, kwa makundi ishirini ishirini, wakachechemea na kunyata na kupepesuka uwanjani. Walimu wenzangu walidhani nimechanganyikiwa kwa kukaribia kustaafu. Kwenye mtihani wa majaribio wastani wa insha ulishuka, na mzazi mmoja alinipigia simu kuniuliza maneno yameenda wapi. Mwisho wa mwaka walifanya vizuri, si vizuri kama zamani. Nimelala vizuri zaidi, lakini si kila siku.

Kwa hiyo nyinyi, mnapomfundisha mtoto maneno ishirini badala ya moja, fanyeni hivyo, ni kazi nzuri na ina raha yake. Lakini mwacheni aseme kwanza kwa lugha ya mama yake kilichotokea. Mwambie akuonyeshe. Asipoweza kukuonyesha, hilo neno si lake bado. Neno dogo msilizike, litahitajika. Na mtoto akikuletea karatasi inayomhusu mtu mwingine, weka kalamu nyekundu chini kabla hujaisoma, uikalie ikibidi.

Lakini nirudi kwenye ile Alhamisi Wafula aliporudi kazini: mapumziko ya saa nne, nilibaki darasani. Kwa kawaida chai tuliifuata wenyewe. Nikamwona Wafula anatoka jikoni na kikombe changu, amekifunika na kisahani, anavuka uwanja kuja darasani kwetu kupitia varanda ileile. Watoto wakajaa madirishani. Wangechi alikuwa mbele yangu.

"Tichaa," akanong'ona, "hapo tunasema aje?"

Kwa mazoea kichwa changu kilianza kutafuta neno la kumpamba yule mtu, na yalikuja mengi. Nikayaacha. Nikaitazama miguu yake, gambuti moja baada ya nyingine, kwenye nyasi zenye umande, mpaka alipofika kwenye ngazi mpya na kuipanda.

"Walked," nikamwambia. "Andika hivyo."

Wafula akaingia, akanikabidhi kikombe. Hakuna tone lililokuwa limemwagika kwenye kisahani. Akatazama mfuko wa shati langu, palipokuwa na ile kalamu.

"Nimefika, Mwalimu," akasema. "Hii sasa umeona. Weka tick."